Mahali pa Jina

Darlène wa Doonside, mtaa wetu hapa Sydney, alikuwa na kipaji, hilo hatumnyimi. Sauti alipewa, akili alipewa, hata shingo ya kubebea kile kichwa kilichovimba alipewa. Alichokosa ni masikio. Na asije mtu akasema habari hizi tumeziokota njiani, maana tulikaa ukuta kwa ukuta na mama yake, Cécile, na aliyotuhadithia Cécile hatujayaongezea chumvi.

Ilianza Jumamosi moja ya kawaida. Kulikuwa na kilio. Mzee mmoja wa Macquarie Fields alikuwa amefariki, na sisi watu wa Kivu tukisikia kilio hatuulizi umbali. Tunapanda treni, tunabeba masufuria, tunakwenda kujaza ukumbi. Wanawake walipanga sambusa na samaki wa kukaanga, wanaume wakapanga viti vya plastiki, mchungaji akahangaika na maikrofoni ambayo haijapata kumsikiliza hata siku moja. Darlène alikaa nyuma kabisa, hedifoni masikioni, akitutazama kwa pembe ya jicho.

Rafiki yake wa shule alimwandikia kwenye simu, uko wapi. Akajibu, msibani. Nani kafa? Darlène akaandika kwa Kiingereza chake: sijui, kazee fulani. Akacheka peke yake, akarudi kwenye muziki wake.

Ndipo Koko Bibiane akasimama. Huyo alikuwa bibi yake, mama mzazi wa Cécile, mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu, ambaye hapa Sydney hakuna maiti ya kwetu iliyozikwa bila yeye kuililia. Alikuwa na wimbo wake, wimbo wa ukoo wao, ambao nyumbani hakuuimba kamwe. Una mistari michache, na katikati una mahali pa jina. Koko huimba, hufika pale, huvuta pumzi, huweka jina la marehemu, na wimbo huendelea huku wanawake wakiangua kilio. Kila msiba jina jingine. Darlène aliusikia tangu akibebwa mgongoni kule kambi ya wakimbizi, na kwa lile sikio la muziki alilojaliwa aliushika wote, tuni na maneno. Majina hakushika hata moja. Kwake mahali pale palikuwa shimo tu.

"Wanalia kwa zamu," alimwambia mama yake kwenye treni ya kurudi, kwa Kiingereza. "Halafu wanakula. Halafu wanalia tena."

Cécile alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kwenye nyumba ya wazee anakofanya zamu, na hakuwa na nguvu ya kumjibu mtoto. Koko alisikia. Kiingereza hakukijua, lakini dharau haihitaji mkalimani.

Hapa tuseme jambo moja, ili baadaye asiwepo wa kuuliza. Kwetu mtoto hamwiti mkubwa kwa jina. Kuna Koko, kuna Mama Mdogo, kuna Tonton, yaani mjomba. Babu yake Darlène aliyefia kambini, nyumbani mwao alikuwa akiitwa Marehemu, basi. Mtoto anayetaka kujua majina ya wakubwa hukaa chini akauliza, na huambiwa kwa furaha. Huyu hakuuliza. Ukiacha la mama yake, jina moja tu la mkubwa alilijua sawasawa, Bibiane, kwa kuwa ndilo nesi alilokuwa akiliita kliniki, na Darlène ndiye aliyempeleka Koko kumtafsiria, mdomo umevimba kwa kununa.

Alikuwa kidato cha mwisho, anasoma drama na muziki. Mtihani wao wa drama, mwanafunzi hupanda jukwaani peke yake mbele ya watahini wanaotoka nje ya shule, na Darlène alitaka alama za kumpeleka chuo cha maigizo mjini, mbali na Doonside na mbali na sisi. Kwa hiyo akatafuta kitu cha kuwapasua moyo wazungu. Akatupata sisi.

Aliiba kitenge kutoka sanduku la Koko, kile cha rangi ya kahawa ambacho Koko hakivai ila kwenye misiba. Akajifunga ovyo mbele ya darasa, akapinda mgongo, akaburuta miguu kwa yale magoti ya bibi yake, midomo ikimtetemeka. Darasa lilicheka hadi wengine wakajishika mbavu. Halafu akaimba, na kicheko kikakatika, kwa sababu sauti ilikuwa ya kweli hata kama mwenyewe alikuwa anaigiza. Mahali pa jina alitia mlio aliojibunia tu, neno lisilo na mtu.

Mwalimu wake alikuwa mama mmoja aitwaye Hanrahan, wa mitandio mirefu na pete kubwa za fedha, ambaye kila jambo la Kiafrika kwake lilikuwa "la kina sana." Alifuta machozi, akamwambia, "Hilo neno la katikati liondoe. Funga mdomo, utazame watu. Kimya kinaumiza kuliko kelele."

Mtu ambaye hajalia msiba wetu hata mmoja ndiye anayemfundisha mtoto wetu jinsi ya kuulilia. Na mtoto akaona amepata hekima.

Basi mchana huohuo wakarudia. Chumba chao cha maonyesho kilizungushiwa mapazia meusi, kwa hiyo hata jua la saa nane halikuingia. Darlène aliimba, akafika pale, akafunga mdomo.

Katika kile kimya, mtu alivuta pumzi.

Ilikuwa pumzi fupi, ya kifuani, ile ambayo mwimbaji huivuta kabla ya kuanza. Ilitoka nyuma kabisa. Darlène alidhani ni mwenzake anamfanyia mzaha. Akaendelea na wimbo, ila mstari uliofuata ulimshinda kuumaliza, pumzi ikamwishia njiani, jambo ambalo halijapata kumtokea. Viti vya mle ni vya springi, mtu akiinuka hujikunja vyenyewe. Walipokuwa wakitoka, kimoja cha safu ya nyuma kilibaki kimelala wazi. Akakisukuma juu kwa mguu, akaenda zake.

Mara iliyofuata alikuwa na mwalimu peke yake. Akaimba, akanyamaza. Pumzi ikavutwa tena, ndefu zaidi, na haikutoka nyuma. Ilitoka katikati ya viti.

"Umesikia?" Darlène akanong'ona.

"Nimesikia kimya," akasema mwalimu Hanrahan, macho yamemlegea kwa raha. "Kizuri mno."

Kiti cha safu ya katikati kilikuwa kimelala wazi. Safari hii Darlène hakukigusa. Na siku ile alipopanda ngazi za stesheni ya Doonside ilibidi asimame mara kadhaa, msichana wa miaka kumi na saba, ashike chuma aheme.

Ungedhani angekuja kwa bibi yake akapiga magoti. Wapi. Alijiambia ni vumbi la yale mapazia, akanunua dawa ya kifua dukani, na mazoezi yakaendelea. Kila mazoezi kiti kilisogea safu moja mbele, na kila mazoezi yeye alirudi nyumbani na pumzi pungufu.

Koko aligundua jikoni. Alikuwa akichambua majani ya sombe, kisamvu cha kwetu, Darlène akipekua friji huku akijiimbia bila kujua. Aliuimba ule wimbo. Akafika mahali pa jina, akanyamaza kama alivyozoea, akaendelea. Majani yakamtoka Koko mkononi.

"Hii wimbo uliimbia wapi?"

"Shuleni. Ni mtihani, Koko," akajibu kwa Kiingereza.

"Na pale pa jina uliweka nani?"

"Hakuna mtu."

Koko aligeuka kumtazama. Alimsikiliza mjukuu wake anavyohema, akaona mifupa ya shingo inavyopanda na kushuka kwa kazi ya kufungua friji tu. Aliposema tena, alisema chini chini, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa na wa nje.

"Kuko kitu inasikilizaka hii wimbo. Ukiweka jina ya mutu mwenye alishakufa, inakuta ameshaenda, inarudia njia yake. Ukiweka ya mwenye angali muzima, inaenda naye. Ukiacha pale wazi, inangojea. Na ikingojea inakunywa pumzi ya mwenye anaimba, polepole, mpaka inaisha."

Darlène akabinua midomo kwa jeuri, akavuta hedifoni zilizokuwa shingoni, akazivaa.

"Mie siwezi kukufungia," Koko akaendelea. "Mwenye alifungua ndiye anafunga, pale pale alifungulia. Utaimba tena mara moja, utaweka jina. Isikuwe ya mugeni, mugeni haimujui. Iwe ya mutu wetu mwenye alikufa. Weka kaka yangu, Mushagalusa. Unasikia? Mushagalusa. Sema."

"Yeah, Koko."

"Sema jina."

Darlène alitikisa kichwa kufuata ngoma iliyokuwa masikioni mwake, na bibi yake, kwa vile alimpenda, akachukulia kuwa ni ndiyo. Juma lile lote Koko alilitaja jina lile. Alilitaja mlangoni mtoto akienda shule, akalitaja mezani, akalitaja akizima taa. Mushagalusa. Cécile alilisikia hadi likamchosha. Sikio la kufa halisikii dawa, na la huyu lilikuwa limezibwa kwa muziki wa kulipia kila mwezi.

Maana Darlène alikuwa ameshaamua. Mwalimu Hanrahan alimwambia watahini watakikumbuka kile kimya hata wakizeeka. Kati ya mwalimu na kibibi asiyejua kusoma, unadhani angemsikiliza nani?

Siku ya mtihani wazazi walialikwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua jeupe nje, wanafunzi wanacheza mpira. Watahini walikaa katikati na meza yao. Cécile aliomba ruhusa kazini akaja na Koko, na wakaonyeshwa viti vya familia, safu ya mbele. Kimoja cha safu ile kilikuwa kimelala wazi tayari, na hakuna aliyekuwa amekikalia. Cécile alitaka kukaa hapo. Koko akamzuia kwa mkono, akamsogeza, na yeye mwenyewe akakaa kwenye kile kilichopakana nacho. Kile kitupu akakiacha. Akalikunja gauni lake ili lisikiguse.

Taa zikazimwa, ikabaki moja. Darlène akaingia amepinda mgongo, amevaa kitenge cha bibi yake, anaburuta magoti ya bibi yake mbele ya bibi yake. Kwa nyuma mtu akacheka kidogo. Koko hakutikisika.

Akaanza kuimba.

Ilikuwa sauti nzuri. Cécile anakiri hadi leo, na anakiri kwa uchungu, kwamba alilia. Mstari wa kwanza, wa pili. Halafu mahali pa jina.

Darlène akafunga mdomo, akawatazama watu, kama alivyofundishwa.

Pumzi ikavutwa.

Ilivutwa usoni kwake. Hewa ilitembea. Ncha ya kitenge iliinuka kwenda mbele, kuelekea kile kiti. Na kifuani mwake kitu kikaanza kutoka. Hakikuwa kidogo kama siku zile nyingine. Kilitoka chote. Alijaribu kuvuta hewa, haikuja. Akajaribu tena. Haikuja.

Hapo ndipo alipoamini. Amechelewa, lakini ameamini.

Weka jina, Koko alisema. La mtu wetu aliyekufa. Akalitafuta. Kaka yake Koko. Aliitwa nani? Aliambiwa mlangoni. Aliambiwa mezani. Aliona mdomo wa Koko ukilitamka, akauona wazi kabisa, unafunguka na kufunga. Sauti hakuwa nayo. Alikuwa na ngoma tu.

Marehemu. Hapana, hilo si jina. Babu aliitwa nani? Yule mzee wa Macquarie Fields? Kazee fulani. Mama wa watoto wanne waliyemzika Bankstown? Yule kijana aliyefia kazini ghalani? Misiba yote ile alikaa kiti cha nyuma, na hakutoka na jina hata moja. Kumbi zote zile. Wafu wote wale. Shimo.

Macho yakaanza kuingia giza. Hewa hakuna. Majina ya walio hai yakamjia yenyewe, bila kuitwa. Darlène. Cécile. Bibiane.

Alikuwa na nafasi ya kuchagua. Lile la kwanza lilikuwa lake.

"Bibiane," akaimba.

Kifua kikafunguka. Hewa ikaingia tele, tamu, na sauti yake ikapanda mpaka kwenye taa. Aliumaliza wimbo vizuri kuliko alivyowahi kuumaliza. Watahini walisahau kuandika. Watu walisimama wakapiga makofi, na mwalimu Hanrahan akajishika koo kwa pete zake zote. Safu ya mbele Cécile pia alisimama, anapiga makofi, machozi yanamtiririka, kisha mikono ikamganda hewani, kwa kuwa alikuwa ameelewa jina lililotajwa.

Koko aliinuka polepole, akashikilia jukwaa, akapanda. Watu walidhani anakwenda kumkumbatia mjukuu, wakazidisha makofi. Alimkaribia, akamtazama. Darlène alitegemea kuona hofu machoni pake, au hasira. Hakuona hata kimoja. Aliona anavyotazamwa kama yeye alivyozoea kututazama sisi.

"Wafu wote wale niliwalilia mbele yako," Koko akanong'ona. "Ukakosa hata jina moja."

Akamfungua kitenge mabegani, akakikunja vizuri, mara mbili, akakiweka kwapani.

"Hii nitaihitaji," akasema.

Siku ya kliniki iliyofuata, Darlène ndiye aliyempeleka, na kwa mara ya kwanza hakununa. Walikaa bega kwa bega kwenye chumba cha kusubiri. Alitaka kuomba msamaha kwa Kiswahili, akawa anayapanga maneno kichwani, maana hakuwa na mazoea nayo. Koko alikaa wima, mikono mapajani, kitenge cha rangi ya kahawa kiunoni. Nesi akafungua mlango.

"Bibiane?"

Koko hakuinuka.

"Bibiane?"

Darlène akamgusa mkono. Koko alikuwa ameshaitikia kwingine.

Kilio kilikuwa kikubwa, watu walitoka kila upande. Chakula kilijaa, maikrofoni ikagoma. Ulipofika wakati wa wimbo tukatazamana, kwa sababu aliyekuwa akiuimba ndiye aliyelala pale mbele. Mwishowe macho yote yakamwendea Darlène. Alisimama bila hedifoni, akaimba, akafika mahali pale, akaweka jina. Hakuna kitu kilichovuta pumzi. Jina lile lilikuwa sahihi sasa.

Usiku ule alimuuliza mama yake kaka wa Koko alikuwa akiitwa nani.

"Mushagalusa," Cécile akamwambia. "Si alikutajia wiki nzima?"

Matokeo yalipotoka alikuwa na alama za juu kabisa. Mwalimu Hanrahan alimwandikia kwamba kuliweka lile jina dakika ya mwisho kulikuwa ujasiri mkubwa wa kisanii. Chuo kilimwita. Hakwenda. Siku hizi akija msibani husimama kwanza mlangoni, akaulizia jina la marehemu, akalirudia kwa mdomo mpaka limkae, ndipo anapoingia. Watu wanamsifu kuwa amekuwa na adabu. Sisi tunamwacha asifiwe.

Kabla ya shule kufunga alirudi kule kuchukua vitu vyake. Chumba kilikuwa kitupu, mapazia yamefunguliwa, jua limejaa hadi ukutani. Mfanyakazi wa shule alikuwa amepiga magoti safu ya mbele na bisibisi, amechoka. Alimwambia amebadilisha springi mara mbili na bado viti viwili vinakataa kujikunja. Akavisukuma juu ili Darlène aone, vikakaa. Akakusanya vyombo vyake, akatoka.

Darlène alibaki amesimama. Kiti cha kwanza kikajilaza, ghafla, kama siku zote. Kile kilichopakana nacho kikafuata baadaye kidogo, taratibu, kwa vituo, kwa namna anavyokaa mtu mwenye magoti mabovu.